Ligi za Mchangani Katika Mrima na Bara Yake: Historia kwa Ushahidi wa Maneno

Chalinze ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo, moja ikaendelea kwenda Morogoro na bara ya mbali, ya pili ikashika kaskazini kwenda Segera, Tanga na Moshi. Nchi yenyewe ni ya Wakwere, na jirani zao ni Wadoe, Wazigua, Waluguru na Wazaramo. Lakini kwa kuwa ni njia panda, wakaao hapo leo wametoka kila upande wa Tanzania. Jioni, baada ya kazi, watu wazima wa mahali hapo hucheza mpira wa miguu kama wachezavyo watu wa kila mji wa Mrima. Wakulima wamo, na walimu, na mafundi wa magari, na wachuuzi wa stendi, na waendeshaji wa bodaboda. Hawalipwi mshahara kwa kucheza, wala hawana mwajiri mmoja, wala saa zao za kazi si moja. Hata hivyo, msimu ufikapo, watu wa namna hii huchagua kamati, hulipa kiingilio, hufuata ratiba, na hukubali hukumu ya kamati hiyo hata pale inapowanyang'anya ushindi walioupata uwanjani mbele ya macho ya watu wote. Yafaa kuulizwa, desturi hiyo ya kukubali kutawaliwa kwa hiari ilitoka wapi.

Jibu la upesi ni kwamba ilitoka Uingereza pamoja na mpira. Jibu hilo lina sehemu ya kweli, lakini maneno yenyewe hayalikubali lote.

Maneno yatumikayo katika ligi hizi, ambazo huitwa ligi za mchangani kwa sababu viwanja vyake ni vya mchanga mtupu usio na majani, ni ya namna mbili. Kuna maneno ya uwanjani: goli, kona, penalti, refa, beki, kipa, jezi, mechi. Haya yametoka katika Kiingereza, na yalivaa vazi la Kiswahili upesi sana. Kisha kuna maneno ya kupanga na kutawala: mashindano, kombe, kiingilio, ratiba, usajili, rufaa, daraja, nahodha, mamluki. Haya ama yalikuwako katika Kiswahili kabla ya mpira, ama yamezaliwa na mashina yaliyokuwako. Mgawanyo huu si kamili. Ligi, timu, kamati na fomu ni maneno ya Kiingereza ingawa ni ya utawala. Na kwa upande wa pili, baadhi ya maneno ya uwanjani yametoka chomboni na nyumbani mwa watu wa pwani. Nguzo za goli ni milingoti, kama ya jahazi. Wavu ni wa mvuvi. Na ule mti wa juu ulalao kati ya milingoti miwili watangazaji wa redio waliuita mtambaapanya, jina la boriti ya nyumba ambayo panya hupita juu yake usiku. Lakini uzito wa mizani wabaki pale pale. Mchezo ulikopwa, na wengi wa watu waliokopa walikuwa tayari na maneno ya kuendeshea mashindano ya mwaka mzima. Mwenye neno, aghalabu, huwa na kitu chenyewe.

Historia ya kuingia kwa mchezo yaweza kuelezwa kwa ufupi. Simu ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879, na Waingereza wa kampuni ya simu ni miongoni mwa watu wa kwanza kuonekana huko wakicheza mpira wa miguu. Shule ya Kiungani ya misheni ya UMCA iliwafundisha vijana wa Kiafrika mchezo huo pamoja na kusoma na kuandika, na wanafunzi wake walipotawanyika visiwani na bara kuwa walimu na makarani, walikwenda nao. Laura Fair, katika makala yake ya mwaka 1997 na kitabu chake cha mwaka 2001, ameeleza jinsi mpira ulivyotoka katika mikono ya watu wachache wa shule na ofisi ukawa mali ya mitaa ya Ng'ambo, na jinsi wenyeji na wakubwa wa serikali ya Kiingereza walivyovutana juu ya nani awe na amri katika vyama na mashindano. Chama cha mpira cha Tanganyika chahesabiwa kuwa kilianzishwa mwaka 1930, mwaka ule ule ilipoanza kazi ile Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Hiyo ni sadfa tu. Lakini vyombo vyote viwili vilikabiliwa na swali la namna moja, yaani desturi ya mji gani ihesabiwe kuwa ndiyo sahihi kwa miji yote. Young Africans ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa Queens, iliyopata kuitwa Eagles, kisha Sunderland, na tangu mwaka 1971 Simba. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza.

Habari hizi zajulikana. Lisilotazamwa vya kutosha ni kile kilichokuwako Mrima kabla mpira haujaja.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, ndiye mwenye sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Asomaye kitabu hicho aona jinsi maisha ya miji ya Mrima yalivyojaa ngoma, karamu, ada na vyeo, na jinsi kila jambo lilivyokuwa na malipo yake yaliyojulikana na mahali pake palipojulikana. Jonathon Glassman, akiandika mwaka 1995 juu ya Pangani, Bagamoyo na miji mingine ya Mrima katika miaka ya kabla ya vita vya mwaka 1888, ameonyesha kwamba ngoma na karamu hizo hazikuwa burudani tu. Mtu aliyetoka bara, au mtumwa aliyetaka kuhesabiwa muungwana, alitafuta nafasi yake mjini kwa kuingia katika kundi la ngoma, kuchangia karamu, na kuonekana akishindana upande wa mtaa fulani. Wenye mji wa asili nao walijaribu kumfungia mlango. Ugomvi wa nani aruhusiwe kushindana ulikuwa, kwa hakika, ugomvi wa nani ni mtu wa mji.

Baadaye ikaja beni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliifuata ngoma hiyo tangu ilipoanza katika pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 hata ilipoenea Tanganyika yote wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 na baada yake, ikigawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Pande hizo zilikuwa na matawi mji kwa mji, vyeo vya kijeshi, mavazi ya sare, michango ya wanachama, na msaada kwa mwanachama aliyefiwa au aliyefika mgeni mjini. Mashindano yake yalikuwa ya kurudiana, upande mmoja ukiandaa leo na wa pili ukijibu siku nyingine. Mtu aliyekuwa amezoea kuwa Marini au Arinoti hakuhitaji kufundishwa na Mwingereza maana ya chama kilicho na matawi, viongozi na mwaka wa mashindano.

Hapo ndipo neno sare linapopata historia yake. Leo sare ni vazi moja livaliwalo na watu wengi, kama la wanafunzi au la wanawake wa arusi. Na timu mbili zikifungana magoli sawa husemwa zimetoka sare. Maana hizi mbili zaishi pamoja bila kugombana. Lakini katika ngoma sare ya matokeo ilikuwa jambo gumu, kwa kuwa hapakuwa na hesabu ya kulazimisha, na kila upande ulikwenda nyumbani ukijisifu kuwa umeshinda. Goli ndilo lililoleta hesabu. Na hesabu ndiyo iliyoleta neno geni ambalo Kiswahili hakikuweza kulikwepa, yaani ligi. Shina la mashindano ni shinda, na katika mashindano ya kale aliyeshindwa alikuwa ameshindwa. Katika ligi aliyeshindwa hurudi Jumapili ijayo akiwa na haki sawa na aliyemshinda, na hata sare humpa pointi moja. Wazo hili la kila mmoja kukutana na kila mmoja, na la kushindwa kusikomtoa mtu mchezoni, halikuwa na jina Mrima, na jina lake likakopwa lilivyo. Jedwali la pointi, hata hivyo, liliitwa msimamo wa ligi, tafsiri iliyofaa kuliko wafasiri walivyotazamia, maana katika Kiswahili msimamo ni pahali mtu asimamapo na pia ni uthabiti wa moyo wake.

Kombe ni neno la namna nyingine. Katika Kiswahili cha zamani kombe ni sahani kubwa, ya kupakulia chakula cha watu wengi; na kikombe ni mtoto wake. Kombe pia ni dawa: aya za Kurani huandikwa sahanini, maandishi yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa. Chombo cha fedha kilipoletwa kutoka Ulaya kuwa tuzo ya mshindi, kingaliweza kuitwa kikombe, kwa kuwa ndicho kilichofanana nacho; na wengine walikiita hivyo. Lakini kombe ndilo lililoshinda. Wanasarufi watasema ni ukuzaji tu, kwa kuondoa kiambishi ki-, na hawakosei. Hata hivyo, katika ligi za mchangani tuzo mara nyingi si chombo cha fedha hata kidogo, bali ni mbuzi, na mashindano yenyewe huitwa Kombe la Mbuzi. Mbuzi huyo huchinjwa, na walioshinda hula pamoja na watu wao. Hapo kombe limerudi kuwa sahani.

Desturi ya kulipa kombe jina la mtoaji wake nayo ni ya zamani kuliko wadhaniavyo wanaoilaumu leo. Mashindano makubwa ya kwanza ya nchi za Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, ambayo Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Unguja mwaka 1949, yaliitwa Kombe la Gossage, na Gossage alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Tangu hapo makombe yamebeba majina ya viwanda, ya wabunge na ya madiwani. Si lazima kuona hila katika jambo hilo. Mtu mkubwa wa mji wa Mrima alitazamiwa kulisha watu siku ya sherehe, na jina lake kutajwa. Atoaye jezi na mipira miwili leo anasimama pahali pale pale.

Nahodha hahitaji maelezo marefu. Neno hili la Kiajemi lilikuwa la mkuu wa chombo cha baharini, na limepanda pwani likafika hata Chalinze, ambako wachezaji wengi hawajapata kusafiri kwa jahazi. Njumu, ambayo zamani ilikuwa kazi ya nakshi ya kutia madini katika mti, sasa ni kiatu chenye meno ya kushikia ardhi. Haya ni mapambo ya lugha, na yatosha kutajwa.

Ratiba ndiyo yenye mambo. Shina lake la Kiarabu ni la kitu kilichopangwa kikathibiti, kisichobadilika. Na watu wa pwani walilijua pia katika ratibu ya dhikri, isomwayo kwa saa zake na mpango wake. Lakini hakuna kitu kigumu kuthibiti kama ratiba ya watu wasiolipwa. Bara ya Bagamoyo hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati wa masika viwanja hujaa maji na watu wako mashambani. Wakati wa vuli vivyo hivyo, ingawa si kwa kiasi kile. Hubaki kiangazi, Juni hadi Septemba, ambapo mavuno yamekwisha, fedha kidogo ipo mkononi, na ardhi ni kavu. Kwa hiyo msimu wa ligi ya mchangani hapa haukuanza Agosti kwa sababu Waingereza huanza Agosti. Huanza mvua zinapokatika.

Juu ya kalenda ya mvua iko kalenda ya mwezi. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, na huchukua miaka kama 32 au 33 kuuzunguka mwaka mzima. Kati ya mwaka 2011, ulipoanza mwezi wa Agosti, na mwaka 2016, ulipoanza mwanzoni mwa Juni, mwezi huo uliangukia katikati ya kiangazi, yaani katika moyo wa msimu. Nchi hii ina Waislamu wengi, na mchezaji aliyefunga hawezi kutazamiwa kukimbia saa moja na nusu saa kumi za jioni. Kamati za miaka hiyo hazikuwa na njia ila tatu: kumaliza kabla ya mwezi mtukufu, kukata msimu vipande viwili, au kuanza baada ya Idi na kukimbizana na vuli. Tangu mwaka 2017 mwezi huo umeingia katika masika, ambamo hata hivyo watu hawachezi sana, na taabu hiyo imepungua kwa muda. Itarudi. Mwandalizi wa ligi katika Chalinze hana budi kuwa na almanaki mbili, na lililo la kuangaliwa ni kwamba hakuna kanuni iliyoandikwa Ulaya ambayo ingemsaidia katika jambo hili. Kalenda zote mbili alizikuta kwa wazee wake.

Hesabu nayo ina amri yake. Halmashauri ya Chalinze ina kata 15. Ikiwa kila kata ingetoa timu moja, na kila timu ikutane na kila nyingine mara moja, mechi zingekuwa 105. Wakirudiana nyumbani na ugenini, 210. Kwa mtoano, ambapo ashindwaye hutoka, mechi 14 zatosha kumpata bingwa. Kata za Msoga, Lugoba na Msata ziko katika barabara kuu ya kaskazini na hufikika kwa basi; Kiwangwa imekuwa karibu tangu barabara ya Msata na Bagamoyo ilipotiwa lami; lakini kwenda Kibindu au Talawanda ni safari nyingine. Kila mechi yahitaji refa na wasaidizi wake wawili, posho yao, chokaa ya kuchorea mistari, na mpira usiopungua pumzi. Ndiyo maana mashindano mengi yaitwayo ligi katika sehemu hizi si ligi kwa maana kamili ya neno. Timu hugawanywa makundi, zikacheza ligi fupi ndani ya kundi, kisha zikaingia mtoano. Timu 16 katika makundi manne hucheza mechi 24 za makundi, na mechi saba tu za mtoano hadi fainali. Wapo wasemao kwamba kuita mpango huo ligi ni kuharibu neno. Hoja hiyo haina nguvu. Neno lililokopwa hufuata mahitaji ya mkopaji, na mahitaji ya Chalinze yalikuwa kuipa kila timu walau michezo mitatu kabla ya kuitoa, ili mtu aliyelipa kiingilio asirudi nyumbani siku ile ile ya kwanza.

Kiingilio chenyewe ni malipo ya kuingia, nacho hufanya kazi mbili: hununua vifaa, na humfunga mlipaji. Timu iliyolipa haitoki katikati ya msimu kwa wepesi kama isiyolipa. Kwa kuwa timu za mchangani kwa kawaida hazijaandikishwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, ambayo huzitaka klabu ziwe na katiba na kusajiliwa, hakuna mamlaka ya nje iwezayo kuzilazimisha. Kinachozilazimisha ni fedha ndogo waliyokwisha kuitoa, na aibu.

Hapa ndipo lifikapo neno zito kuliko yote, mamluki. Katika ligi za mchangani mamluki ni mchezaji aliyeletwa kutoka mahali pengine kucheza mechi moja au mbili kwa malipo, akijifanya mtu wa timu. Hakuna lalamiko lisikikalo mara nyingi zaidi, wala linalovunja ligi nyingi zaidi. Shina lake la Kiarabu ni m-l-k, na maana yake ya asili ni kitu kinachomilikiwa. Mamluki alikuwa mtumwa, na hasa mtumwa aliyefanywa askari. Kutoka shina hilo hilo Kiswahili kimepata miliki, milki, malkia na mamlaka. Katika Kiswahili cha siasa maana ya askari wa kukodiwa ilipata nguvu katika miaka ya 1960, Wazungu wa kukodiwa walipopigana Kongo, na ikakolezwa na mambo ya Komoro na ya Shelisheli, ambako mwezi wa Novemba 1981 askari wa kukodiwa waliingia uwanja wa ndege wakijisingizia kuwa chama cha watalii wanywa bia. Mtu ajifanyaye mwanachama wa chama kisichokuwa chake ndiye hasa yule anayelalamikiwa viwanjani.

Neno hili limeangukia nchi yenye kumbukumbu zake. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na wengi wa waliofika huko walifika wakimilikiwa. Utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika hata mwaka 1922. Watu walioletwa kutoka kwingine, na wajukuu wao, ndio waliotafuta uungwana wa mji kwa kushindana katika ngoma, kama alivyoonyesha Glassman. Chalinze nayo imejengwa na waliokuja: na barabara, na biashara ya stendi, na mashamba. Fundi aliyetoka Mbeya mwaka jana akapanga chumba Bwilingu, je, ni mtu wa Bwilingu au ni mamluki? Dereva wa lori alalaye Chalinze siku mbili katika wiki, kila wiki, kwa miaka mitano? Mwalimu aliyehamishiwa Lugoba mwezi Juni, baada ya usajili kufungwa? Na kijana aliyezaliwa Miono, anayefanya kazi Dar es Salaam, arudiye kwao kila Jumapili kwa mechi tu?

Kamati hujibu maswali haya kwa vifaa vya karani. Kuna fomu ya usajili, picha, muhuri wa ofisi ya kijiji au kitongoji, na tarehe ya mwisho. Timu ionayo imedhulumiwa hukata rufaa, kwa maandishi, pamoja na ada ambayo hurudishwa ikiwa rufaa imekubaliwa, na aghalabu katika muda wa saa 24 au 48. Rufaa ni neno la mahakama, na kikao chake hufanana na baraza kuliko kinavyofanana na michezo: mashahidi huitwa, mwenyekiti wa kitongoji huulizwa kama amtambua mtu huyu, na majirani hutajwa. Ikithibitika, timu yenye mamluki hupoteza mechi, na mpinzani hupewa ushindi wa mezani. Msemo huo una uchungu ndani yake. Meza ni ya karani, na ushindi uliopatikana kwake haumfurahishi hata aliyepewa. Lakini bila meza hiyo mwenye fedha angenunua wachezaji kumi na mmoja, na kombe lingekuwa la mnunuzi.

Hata hivyo wenye kusifu ukali wa kamati yafaa watazame upande wa pili. Kila tarehe ya mwisho inayowekwa humfungia nje mdanganyifu na humfungia mgeni wa kweli pamoja naye. Katika mji wa asili, ambapo watu wote wajuana, gharama hiyo ni ndogo. Katika njia panda ni kubwa, kwa kuwa timu ndiyo mara nyingi mlango wa kwanza wa mgeni. Kwa kucheza upande wa mtaa, fundi wa Mbeya hupata jina la utani, watu wa kumzika, na watu wa kumdai. Beni iliwafanyia hivyo wageni wa mwaka 1920, na ngoma za kabla yake ziliwafanyia hivyo wageni wa mwaka 1880. Kamati imwambiapo mtu wa namna hiyo kwamba yeye ni mamluki, haisemi tu kwamba fomu yake imechelewa.

Mrima ulikuwa na dawa moja ya uchungu huu, na haijaisha. R. E. Moreau, katika makala zake za miaka ya 1940, aliandika jinsi utani ulivyoyaunganisha makabila ya Tanganyika, hata yale yaliyopata kupigana: mtani hutukana, huchukua kitu cha mtani wake asidaiwe, na siku ya msiba ndiye afanyaye kazi ambayo ndugu hawawezi. Mashabiki wa Simba na wa Yanga waitwa watani wa jadi, na neno hilo si pambo la magazeti. Wadhihakianao kwa namna hiyo hawawezi kuwa maadui bila kuvunja desturi. Ligi za mchangani zimejaa utani wa aina hii, wa mtaa kwa mtaa, wa waliooa kwa wasiooa, wa maveterani wenye vitambi kwa vijana wao. Nyimbo za dhihaka huimbwa kandokando ya uwanja, na aliyefungwa Jumapili hujua atasikia habari zake sokoni Jumatatu. Wageni wengi wametambua kuwa wamekubaliwa siku walipotukanwa kwa mara ya kwanza.

Sheria ya kamati na desturi ya utani hazipatani daima. Utani humruhusu mtu kuchukua kisicho chake, na usajili hukataza. Zipo ligi ambazo zimejaribu njia ya kati, kila timu ikiruhusiwa wachezaji wachache wa nje, wakitajwa mbele ya wote tangu mwanzo wa msimu. Wachezaji hao huitwa wageni. Mgeni na mamluki waweza kuwa mtu mmoja, aliyepanda basi moja kutoka mji mmoja, akalipwa nauli ile ile. Tofauti yao ni kwamba mmoja alitangazwa na wa pili alifichwa.